Setilaiti, mashine ya chini, mistari ya upepo au modeli: uchague ipi ukitaka kujua uchafu wa hewa umetoka nchi gani

Mabishano ya Wakorea na Wachina kuhusu hewa hayaishi jamani, kila ikifika Desemba mpaka Machi yanawaka upya. Mkorea anatupia skrinshoti ya ramani iliyoiva nyekundu juu ya China na mishale ya upepo inaelekea kwake, Mchina anajibu na takwimu za magari ya Seoul, na cha ajabu data za wote wawili ni za kweli, hakuna aliyetunga kitu. Kila mmoja kachukua kipimo kinachompendeza, basi. Sasa kama wewe ni mwanafunzi unaandika tasnifu, au mwandishi umepewa stori ya "moshi wa jirani", au una mtoto mwenye pumu na unataka tu kujua ufunge madirisha au la, inabidi ujue kipimo gani kinajibu swali gani, la sivyo utabishana mpaka kesho.

Ntalinganisha njia nne hapa: picha za setilaiti, mashine za kupima zilizoko chini, mistari ya upepo inayorudishwa nyuma, na modeli za kompyuta. Mfano mkubwa utakuwa China, Korea Kusini na Japani kwa sababu hapo pamepimwa mno, mpaka serikali zenyewe zimekaa meza moja kutafuta asilimia. Halafu Indonesia na Singapore ntaileta baadaye maana inatoa majibu tofauti kabisa.

Kwanza tuelewane kidogo. Erosoli ni chembechembe ngumu au za majimaji zinazoelea hewani: vumbi la jangwani, masizi ya moto, chumvi ya bahari, na zile zinazozaliwa hewani humo humo. Hizi za mwisho ndo zinazovuruga watu vichwa. Salfa dioksaidi inatoka kwenye bomba la mtambo wa makaa ya mawe ikiwa gesi, inasafiri, njiani inageuka salfeti. Oksaidi za naitrojeni za magari na viwanda zikikutana na amonia ya mbolea na mifugo zinakuwa chembe za naitreti. Kwa hiyo uchafu unaweza kuvuka mpaka ukiwa gesi usiyoiona, ukaja kuwa chembe ukiwa tayari nchi ya pili na umeshajichanganya na amonia ya wenyeji. Hapo chembe ni ya nani? Shika hilo swali, ntarudi nalo tukifika kwenye modeli.

Setilaiti na mashine ya chini

Tuanze na hizi mbili maana ndo watu wanazichanganya sana, mtu anaona ramani ya setilaiti anaisoma kama vile ni kipimo cha anachokivuta puani, wakati sio.

Setilaiti inachotoa kinaitwa AOD, kwa lugha nyepesi ni kiasi gani cha mwanga wa jua kinazuiwa na chembe zote kuanzia ardhini mpaka juu kabisa angani. Hakina mikrogramu wala uzito, ni namba tu: 0.1 anga ni safi, ikisogea kwenye 1 ujue kuna moshi au vumbi zito. Chombo kilichozoeleka ni MODIS, kiko kwenye setilaiti mbili za NASA, Terra iliyorushwa 1999 na Aqua ya 2002, na kwa miaka mingi Terra ilikuwa ikipita asubuhi kwenye saa nne na nusu na Aqua mchana saa saba na nusu. Kuiona ni bure, unafungua NASA Worldview kwenye brauza ya simu, unachagua tarehe, unawasha safu ya erosoli, kwisha kazi, shida yako itakuwa bando tu.

Faida yake kubwa ni kwamba inaona eneo zima kwa mkupuo mmoja na haijui mipaka. Kati ya mkoa wa Shandong kule China na pwani ya magharibi ya Korea kuna bahari, Bahari ya Njano, na baharini hakuna mtu wa kukufungia mashine, ila setilaiti inaona lile wingu la ukungu likitoka bara na kutambaa juu ya maji mpaka upande wa pili. Faida ya pili ni historia, chombo kile kile kimepima miaka zaidi ya 20, kwa hiyo mwelekeo unauona waziwazi: China ilipanda, ikafika kilele, halafu kuanzia miaka ya 2010 ikaanza kushuka, wakati huo huo India inaendelea kupanda. Hilo mashine ya chini isingeweza kukupa kwa bara zima, mana nchi nyingi zimeanza kupima PM2.5 (zile chembe ndogo kabisa, kipenyo hakizidi mikromita 2.5) juzi juzi tu.

Sasa njoo kwenye ubaya. Mawingu yakiwepo haioni. Usiku haioni, kwa kuwa inategemea mwanga wa jua. Na kubwa kuliko yote, inajumlisha nguzo nzima ya hewa halafu haikwambii uchafu uko urefu gani. Vumbi la jangwa la Gobi, kule Mongolia na China, linaweza likapita kilomita 3 juu ya Seoul, ramani ikawa nyekundu tii, na mtu aliyeko chini akawa anavuta hewa ya kawaida tu. Kinyume chake ndo kibaya zaidi: asubuhi ya baridi hewa ya chini imefunikwa na hewa yenye joto juu yake, uchafu wote umebanwa kwenye mita mia kadhaa za mwanzo, AOD inakuja ya wastani tu na ukisoma mashine ya mtaani unakuta hali ni mbaya kupindukia. Halafu kuna unyevu. Chembe za salfeti zinanyonya maji, zinavimba, zinazuia mwanga zaidi, AOD inapanda wakati uchafu wenyewe haujaongezeka hata gramu.

Mashine ya chini yenyewe haina hayo mambo. Inavuta hewa, inakwambia kuna mikrogramu ngapi za PM2.5 kwa kila mita ya ujazo, usiku na mchana, mawingu yawepo yasiwepo. Na ndo kipimo ambacho miongozo ya afya inakitumia: Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango mpaka 5 kwa wastani wa mwaka na 15 kwa wastani wa siku. Ukitaka kujua nguvu ya mashine moja tu juu ya paa angalia Beijing. Ubalozi wa Marekani ulianza kurusha vipimo vyake mtandaoni 2008, watu wakawa wanavilinganisha na taarifa rasmi, na tarehe 12 Januari 2013 ile mashine ikasoma 886. Mia nane themanini na sita! Septemba mwaka huo huo serikali ya China ikatoa mpango wa kitaifa wa kusafisha hewa, na wastani wa mwaka wa Beijing ukatoka karibu 90 mwaka 2013 kuja 58 mwaka 2017 na 30 mwaka 2022. Sisemi ni kwa sababu ya mashine ile peke yake, lakini hakuna picha ya setilaiti iliyowahi kuwatia watu joto namna ile.

Udhaifu wake ni kwamba mashine inajua ilichovuta, haijui kimetoka kwa nani. Ukiiweka katikati ya Seoul itachanganya moshi wa Shandong na moshi wa basi lililopita sasa hivi halafu ikupe namba moja.

Ila kuna ujanja wa kulipunguza hilo tatizo, na mi huu ndo naupenda kuliko mengine yote: usiiweke mjini, iweke kisiwani. Korea wana kituo Baengnyeong, kisiwa kiko mbali huko kaskazini magharibi baharini, watu wachache, viwanda hakuna. PM2.5 ikipanda pale, halafu masaa kadhaa baadaye ikapanda Seoul na upepo unatoka magharibi, huo mzigo umekuja na bahari, huna haja ya kubishana. Ikipanda Seoul wakati Baengnyeong imetulia, jamani, hiyo ni yenu wenyewe. Japani nao wana kituo kisiwa cha Fukue, mkoa wa Nagasaki, ambako watafiti wamepima masizi mfululizo kuanzia 2009, na kwa kuchagua zile siku ambazo hewa imetoka China wakaona masizi yanayotoka China yanapungua kwa kasi mpaka 2019. Yaani jirani kakaa kwake anapima jirani mwenzake anavyojirekebisha. Kwa hiyo kabla hujaipa mashine ya chini alama, uliza kwanza imewekwa wapi.

Na uwe makini na vile vipimo vya bei nafuu vinavyotumia mwanga wa leza, PurpleAir na wenzake. Ni vizuri, vingi, na kwetu Afrika vimesaidia sana, AirQo ya Chuo Kikuu cha Makerere wametandaza vya kwao Kampala na miji mingine. Lakini vinakadiria uzito kutokana na mwanga uliotawanyika, hivyo unyevu ukiwa mkubwa vinazidisha namba mpaka virekebishwe, na vumbi la chembe kubwa kubwa vinaliona kidogo kuliko lilivyo. Siku ya vumbi la jangwani usivitumie kumlaumu wala kumsafisha mtu.

Mtego mwingine uko kwenye rangi za apu. Chukua hewa yenye PM2.5 ya 60 kwa siku nzima. Kwa kiwango cha China cha 2012 hiyo iko ndani ya mstari, kwani ukomo wa siku kwa kiwango hicho ni 75. Vuka bahari na hewa hiyo hiyo, Korea tangu 2018 wanasema kuanzia 36 ni "mbaya". Kwa mwongozo wa WHO ni mara 4 ya kinachotakiwa. Kwa hiyo ukilinganisha nchi mbili kwa rangi za apu utamtangaza mchafu yule aliyejiwekea sheria kali. Linganisha mikrogramu, rangi achana nazo kabisa.

Kabla sijatoka hapa, Februari 2020. China imefungwa kwa korona, setilaiti inaonyesha naitrojeni dioksaidi (moja ya zile oksaidi za naitrojeni) imeporomoka, ramani imegeuka kutoka nyekundu kuwa karibu nyeupe, dunia nzima inashea. Wakati huo huo Beijing mashine za chini zinasoma ukungu mzito wa PM2.5. Watu wakahisi kuna anayedanganya, ila hakuna. Naitrojeni dioksaidi inaishi hewani masaa tu, kwa hiyo ramani yake inakuonyesha chanzo, magari yamepaki. PM2.5 inategemea na kemia na hali ya hewa: unyevu ulikuwa juu, upepo umelala, na viwanda vizito na mitambo ya umeme havikuzimwa vyote. Setilaiti ilijibu "nani anatoa kidogo", mashine ikajibu "nini kinavutwa". Ukichukua moja tu utaandika stori ya uongo kwa data ya kweli.

Mistari ya upepo na modeli

Sasa swali lenyewe la nani kamchafulia nani. Hapa njia ya rahisi ni mistari ya kurudi nyuma, na chombo kinachotumika sana ni HYSPLIT ya NOAA, taasisi ya Marekani ya bahari na anga. Kinapatikana mtandaoni bure, unaweka mahali, saa, urefu kutoka ardhini, na unataka kurudi nyuma masaa mangapi, kinakuchorea hewa iliyofika hapo ilipitia wapi. Dakika chache tu una ramani yako.

Uzuri wake ni kwamba mtu yeyote anaweza, na kinamaliza hoja za kijinga haraka. Mtu akisema uchafu wa leo umetoka China na mstari unaonyesha hewa imetoka Bahari ya Pasifiki, mazungumzo yameisha.

Lakini mstari unakwambia hewa ilipita wapi, haukwambii ilibeba nini. Unaweza ukapita juu ya Shandong kwenye urefu wa mita 3,000 bila kugusa moshi wowote. Na mstari mmoja ni wa kuotea, badilisha urefu kutoka mita 100 kwenda 1,000 uone unavyopinda kwenda kwingine kabisa. Mi ninavyofanya ni kuchora angalau urefu tatu, mita 100, 500 na 1,000, masaa 72 nyuma, halafu narudia kila baada ya masaa 6 kwa siku nzima. Yote yakielekeana, naiamini. Yakitawanyika, sisemi kitu kuhusu nchi yoyote. Ukiona posti ina mstari mmoja tu na haujasema ni wa urefu gani, ipite.

Modeli ndo zinatoa kile kila mtu anachokitaka, asilimia. Unaipa kompyuta hesabu ya moshi wa kila nchi, upepo, mvua, kemia yote, inaigiza hewa siku kwa siku. Halafu unazima moshi wa China ndani ya kompyuta unaangalia Seoul imepungua kiasi gani. Asilimia hizo ndo zinazopelekwa mpaka bungeni na ndo zinazosomwa vibaya kuliko kitu chochote, hivyo ntakaa hapa kidogo.

Mei na Juni 2016 NASA na taasisi ya utafiti wa mazingira ya Korea walifanya kampeni kubwa inaitwa KORUS-AQ, ndege ya DC-8 iliyojaa vipimo inazunguka juu ya Seoul inapanda na kushuka, meli, vituo vya chini, setilaiti, modeli, kila kitu kwa pamoja. Ripoti ya 2017 ikasema PM2.5 iliyopimwa kwenye bustani ya Olimpiki Seoul ilikuwa asilimia 52 ya Korea wenyewe na 48 ya nje, China ikiwa na 34 na Korea Kaskazini 9. Pia waliona zaidi ya robo tatu ya chembe ndogo zilikuwa zimezaliwa hewani kutokana na gesi, sio zilizotoka zikiwa tayari masizi au vumbi.

Njoo Januari 2019. Taasisi hiyo hiyo ya Korea inachambua siku tano za uchafu mkali, tarehe 11 mpaka 15, inasema ya nje ni asilimia 69 hadi 82, wastani 75.

Novemba mwaka huo huo, wanasayansi wa China, Korea na Japani wanatoa ripoti ya pamoja, ndo ile baada ya miaka kibao ya kuvutana: kwa mwaka 2017, miji ya Korea ilijichafulia yenyewe asilimia 51 na China ikachangia 32. Japani yenyewe 55, China 25, Korea 8. Na China? Asilimia 91 ya kwake ni ya kwake.

Sasa ya nje ni 48, 75 au 49 (yaani mia ukitoa ile 51), ipi kweli? Zote. Ya kwanza ni ya mwisho wa majira ya kuchipua, upepo wa China ukiwa umepungua nguvu. Ya pili ni siku tano zilizochaguliwa kwa sababu zilikuwa mbaya, na siku mbaya za Januari mara nyingi ndo zile ambazo mzigo umevuka bahari halafu upepo ukalala, na moshi wa wenyeji nao ukaongezewa juu yake. Ya tatu ni wastani wa mwaka mzima, na ni wastani wa matokeo ya timu za nchi tatu, ambazo kila moja ilikuja na modeli yake. Mwanasiasa wa Seoul atakupa 75, mtetezi wa Beijing atakupa 51 ya wenyeji, na wewe kazi yako ni kuuliza "ni ya tarehe ngapi mpaka ngapi?" kabla hujauliza kingine.

Na lile swali la amonia ndo linarudi hapa. Ukizima moshi wa China kwenye modeli, oksaidi za naitrojeni zinapungua, lakini amonia ya mashamba ya Korea imebaki pale pale haina wa kuungana naye, kwa hiyo chembe zinapungua kuliko ungetarajia. Ukizima wa Korea badala yake, zinapungua pia. Ukijumlisha punguzo zote mbili huwezi kupata mia kamili, hesabu inavuka au inapungua, maana chembe moja inahitaji wazazi wawili na kila mmoja akiondoka mtoto hazaliwi. Asilimia inayotolewa kama vile ni mgawanyo wa keki tayari imepitia maamuzi ya mtu aliyechagua namna ya kuhesabu. Hii haimaanishi ni uongo, inamaanisha usiandike "asilimia 32.1" kwa kujiamini kana kwamba umeipima kwa mizani.

Kwa anayetaka modeli bila kuwa na kompyuta kubwa, CAMS, huduma ya Ulaya ya kufuatilia hewa, ni chaguo langu la kwanza. Iko bure, inatabiri siku tano mbele dunia nzima, inarekebishwa kwa data za setilaiti, na ukiwa na apu ya hali ya hewa ya Windy kwenye simu yako tayari unayo maana tabaka lake la PM2.5 linatoka humo. Kasoro ni kwamba mraba wake mmoja una upana wa kama kilomita 40, hivyo jiji zima linaweza likawa kisanduku kimoja au viwili. Kuona wingu kubwa linakuja, inafaa sana. Kujua kama mtaa wako una moshi wa jalala linaloungua, haiwezi, wala usiilaumu.

Indonesia na Singapore: hapa setilaiti inashinda

Mpaka hapa unaweza kudhani nimeiponda setilaiti. Hamna, inategemea uchafu ni wa aina gani. Kusini Mashariki mwa Asia tatizo kubwa ni moto, watu na makampuni wanachoma ardhi Sumatra na Kalimantan kusafisha mashamba, na ardhi yenyewe nyingi ni mboji nene inayoungua chini kwa chini wiki na wiki. Upepo wa kusini magharibi unabeba moshi mpaka Singapore na Malaysia. Juni 2013 kipimo cha Singapore (kinaitwa PSI, ni fahirisi ya uchafu, sio mikrogramu) kilifika 401, rekodi kwa wakati ule. 2015, mwaka wa El Niño ambayo kwao inaleta ukame, hekta milioni 2.6 ziliungua Indonesia na Benki ya Dunia ikakadiria hasara ya dola bilioni 16.

Hapo huhitaji ndege ya DC-8. Moto unaonekana kutoka juu kama nukta nyekundu kwenye FIRMS, tovuti ya NASA ya ramani za moto, kwa ukubwa wa mita 375, moshi unaonekana kwa macho ukitoka kwenye nukta na kuvuka mlango wa bahari wa Malaka, mstari wa upepo unakubaliana, na kituo cha hali ya hewa cha ASEAN kilichoko Singapore kinatoa ramani za nukta na ukungu kila siku. Chanzo ni kimoja, kinaonekana, moshi umetoka ukiwa tayari chembe, haujasubiri kemia. Ndo maana Singapore waliweza kutunga sheria 2014 inayoruhusu kuishtaki kampuni hata kama imechoma nje ya nchi, unaweza kuchukua nukta ukaiweka juu ya ramani ya mashamba ukaona iko ndani ya shamba la nani. Jaribu kufanya hivyo na salfeti ya Shandong! Huwezi, imetoka kwenye mabomba maelfu na ikageuka kuwa kitu kingine juu ya bahari.

Tahadhari yangu ni moja tu: mboji inayofuka chini kwa chini haina joto kali, na moshi mzito na mawingu vinaficha, kwa hiyo nukta chache hazimaanishi moto mdogo. Siku ambayo Singapore wanakohoa na ramani haina nukta nyingi, angalia moshi wenyewe na upepo, usihesabu nukta ukampa mtu cheti cha usafi.

Kwa hiyo wewe uchague ipi

Kama shida yako ni afya, mtoto, mzee, wewe mwenyewe unakimbia asubuhi, usihangaike na setilaiti wala asilimia. Mashine ya chini iliyo karibu nawe, soma mikrogramu, na CAMS kwa kupanga wiki. Mapafu hayaulizi pasipoti.

Kama unaandika habari, chukua mashine ya chini ukiongeza mistari ya upepo ya urefu tatu, halafu setilaiti iwe picha ya kusindikiza tu, isiwe ushahidi. Asilimia itumie pale tu una kipindi chake na mahali pake, na viandike kwenye sentensi hiyo hiyo, sio aya ya chini ambako mhariri atavikata.

Ikiwa unafuatilia mwelekeo wa miaka, mfano unataka kujua China imesafisha kweli au ni maneno, hapo setilaiti ndo mfalme, na kisiwa kama Fukue ni shahidi wa pili. Mpaka sasa mashahidi wote wanasema imesafisha kweli.

Kwa tasnifu huku Afrika Mashariki mambo ni magumu zaidi ila yanawezekana. Vituo vya chini ni vichache, na mashine za balozi za Marekani ambazo wengi tulizitegemea, Machi 2025 wizara yao ya mambo ya nje iliacha kuzitangaza data zake. GEMS, kile chombo kilicho kwenye setilaiti ya Korea ya 2020 kinachopima kila saa mchana, kinatazama Asia tu, sisi hatumo kwenye jicho lake. Lakini tunayo MODIS, na tumewahi kuwa na vipimo vya chini vinavyolenga jua kupima AOD, vya mtandao wa AERONET, Malindi na Mbita pale Ziwa Viktoria, ambavyo ndo vinatumika kuhakiki setilaiti. Na tunao upepo unaojulikana hata na mvuvi. Kipindi cha kaskazi hewa inashuka kutoka upande wa Arabia na India, na kampeni ya utafiti wa hewa ya INDOEX ya Januari mpaka Machi 1999 ilionyesha ukungu wa kahawia wa Asia Kusini ukitanda juu ya Bahari ya Hindi mpaka karibu na ikweta, kwa msimu huo huo wa kaskazi. Kuanzia Juni mpaka Oktoba stori ni nyingine, moto wa nyasi na mashamba Angola, Zambia na kusini mwa Kongo, nukta zinajaa FIRMS mpaka ramani haisomeki.

Kwa hiyo ukichagua mada ya moshi wa Juni mpaka Oktoba, anza na FIRMS na MODIS kama wanavyofanya Singapore, maana chanzo ni moto na unaonekana. Ukichagua ya kaskazi, usidanganyike na ramani ya AOD, humo kuna vumbi la Arabia na chumvi ya bahari vimechanganyika na moshi wa watu, utahitaji modeli inayotenganisha aina za chembe, CAMS inafanya hivyo, na mashine ya pwani iliyo mbali na barabara. Na kama msimamizi wako anataka upime mchango wa nchi jirani kwenye PM2.5 ya Nairobi au Dar katikati ya jiji, mwombe kwanza ukae mwezi mzima unapima jalala linalochomwa, jiko la mkaa na foleni ya magari jirani na mashine yako, maana usipoyatoa hayo kwanza, chochote utakachompa jirani kitakuwa cha kwako.